Presha ya Mama Ngowa

Niliporudi nyumbani kwa likizo ya Agosti, nilionja mchuzi wa kwanza nikauliza ni nani aliyekufa.

"Hakuna aliyekufa," alisema Mama. "Kula."

"Mchuzi hauna chumvi."

"Najua. Kula hivyo hivyo."

Nilikuwa nimetoka shule ya bweni, mahali ambapo maharagwe huchemshwa hadi yakate tamaa, na muhula mzima nilivumilia kwa kuota mchuzi wa samaki wa mama yangu. Sasa mchuzi huo ulikuwa mbele yangu, mwekundu, wenye nazi, unanukia vizuri, na ladha yake ilikuwa sawa na ya maji ya kuoshea sufuria. Nikatazama pembeni ya jiko. Gunia la chumvi lilikuwepo, limesimama pale kama mgeni aliyenyimwa chai. Baba yangu, Mwaringa, ni dereva wa lori la chumvi. Huipakia Marereni akaipeleka hadi Malaba, na akirudi hutuletea gunia. Majirani wa hapa mtaani Shella, Malindi, wakiishiwa chumvi hutuma mtoto kwetu na kikombe. Sisi wenyewe tukawa haturuhusiwi kuigusa.

Aliyetoa amri ni Hawe. Hivyo ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi, na huyu ni mama yake Baba. Alikuja kutoka Vitengeni kutibiwa jicho. Jicho likapona, naye akabaki. Akachukua kiti kilicho karibu na mlango wa jikoni, na kutoka kwenye kiti hicho akaitawala nyumba.

"Mama yako ana presha," alinitangazia kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. "Nilimkuta anameza dawa, nikamuuliza, akaniambia ni ya presha. Mtu wa presha hali chumvi. Na sufuria ni moja, basi sote hatuli."

"Lakini Hawe, wewe pia una presha. Tangu nizaliwe una presha."

"Yangu ni ya zamani, imeshaizoea chumvi. Ya mama yako bado changa, yataka kuchungwa."

Mama alipotoka kwenda kuanua nguo, Hawe alifungua pindo la leso yake, kule ambako wanawake wengine hufunga pesa, akachukua chumvi kwa ncha za vidole na kumnyunyizia samaki wake. Kisha akaniona namwona.

"Mume wangu," alisema kwa upole, "lete sahani."

Mimi naitwa Ngowa, jina la babu, aliyefariki kabla sijazaliwa, na kwa desturi yetu jina hilo linanifanya mumewe. Ameniita mume wangu tangu nikinyonya. Akinituma dukani nikachelewa, hunigombeza kama mwanamume mzima aliyelala nje. Nami humwita mke wangu, na wakija wageni humuuliza mbele yao kwa nini hajanipikia. Ni ndoa nzuri. Nilileta sahani.

Mama alirudi na nguo, akaketi, akaendelea kula. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililonishangaza. Mtu aliyekatazwa chumvi hunung'unika, huiba, huenda kwa jirani. Yeye alikula kama anayemaliza adhabu aliyoizoea. Agosti ni mwezi wa Waitaliano hapa Malindi, na Waitaliano, kama watu wengine, hulalia mashuka. Mama yangu, Nyevu, ndiye anayeyafua hotelini. Kuna mashine, lakini mashine haikunji wala haipigi pasi. Akirudi jioni hutia miguu kwenye beseni la maji na kukaa kimya mpaka maji yapoe, na hata yakipoa hukaa tu.

Dawa yenyewe ilikuwa katika kichupa cheupe cha plastiki kilichobanduliwa karatasi yake, juu ya rafu ya vikombe, wazi kabisa. Ndani alikuwa ametia pamba, ili vidonge visilie kichupa kikiguswa. Niliiona pamba ile nikadhani ni mambo ya usafi.

Juma la pili la likizo, Mama aliniita uani.

"Ngowa, nina swali moja, na nimechoka, kwa hivyo usinizungushe. Vidonge vyangu vinapungua. Unavipeleka wapi?"

Nilielewa kwa nini alianzia kwangu. Shuleni nina faili. Ndani yake mna habari za kengele iliyowaamsha walimu saa ambayo hata jogoo wa shule alikuwa bado amelala, na za tangazo lenye muhuri wa kiazi, lililowaalika wanafunzi wote kula pilau ambayo haikuwepo. Mwalimu mkuu humwita Mama mara kwa mara, naye huenda na sare yake ya hotelini, akasikiliza, akaomba radhi, akawahi zamu ya mchana.

"Mama," nilisema, "mimi naweza kuficha viatu vya mwalimu wa zamu. Dawa ya mtu siibi."

"Basi ni nani? Panya?"

"Panya wa Shella wana presha, sijui?"

Hakucheka. Alijifuta uso kwa kiganja, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, kama anayefuta ubao.

"Baba yako anafika Jumamosi. Lazima vitoshe. Siwezi kuruka hata siku moja."

Sikuelewa presha yake ilihusiana vipi na kufika kwa Baba. Ila nimewahi kupanda lori lile kutoka Gongoni na kumwona Baba anavyolipita gari jingine kwenye kona, kwa hivyo nilidhani ni jambo la kawaida kwa wake za madereva, presha kupanda gari linapokaribia.

Kwa kuwa jina langu lilikuwa limechafuliwa, niliamua kulisafisha kwa njia ya bweni. Kwetu bwenini, mwizi wa mkate hatafutwi. Unapaka sanduku lako dawa ya zambarau ya vidonda, unakwenda darasani, na mchana unamsubiri mtu mwenye vidole vya rangi ya biringani.

Nikaenda duka la dawa la Kasiva. Kasiva ni mwanamke wa bara, Mkamba, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu afungue duka. Mtaa mzima humwita daktari, naye kila mara husema yeye ni mfamasia, na mtaa hujibu, sawa daktari. Nyuma ya duka ana chumba kidogo chenye pazia la kijani na mashine ya kupimia presha. Mbele yangu alikuwapo kijana wa bodaboda, kifua kama mlango.

"Nimekuja kupimwa presha," alisema kijana.

"Ingia," alisema Kasiva.

Alipotoka aliingia msichana anayesuka nywele karibu na uwanja. Yeye pia presha. Nilihuzunika kwa ajili ya kizazi chetu.

"Daktari, hata hawa wana presha?"

"Siku hizi wengi wanayo," alisema bila kuniangalia. "Wewe unataka nini?"

"Dawa ya zambarau ya vidonda."

"Kidonda kiko wapi?"

"Kinakuja."

Alishusha pumzi ndefu. "Wewe ni mtoto wa Nyevu. Nikisikia mbuzi wa mtu amegeuka rangi, nakuja kwenu mwenyewe." Lakini alinipa.

Asubuhi iliyofuata nilingoja Mama ameze chake na kuondoka. Kisha nikakipaka kichupa dawa, kifuniko na shingo, nikakirudisha rafuni kwa heshima zote, nikaenda kucheza mpira.

Mchana Hawe alikula wali kwa kijiko. Huyu ni mtu anayesema kwamba kijiko ni cha wagonjwa na wanafiki. Mkono wa kulia aliufunika kwa leso, na kwenye kidevu, mahali anapopenda kujikuna akiwaza, palikuwa na alama nzuri ya zambarau.

"Mke wangu," nilisema, "hebu nione mkono."

"Mkono wangu unautakia nini? Mahari ulishatoa."

"Nione tu."

"Nenda zako, Ngowa. Umeanza wivu uzeeni."

Nilimnyooshea kioo cha Mama. Alijitazama kidevu kwa muda, kisha akautoa mkono na kuuweka juu ya meza, umeiva.

"Zangu zimeisha," alisema. "Zahanati iko Vitengeni, na baba yako aliniahidi kunipeleka, hajafika. Presha ni presha. Mama yako ni kijana, mwili wake una nguvu. Nachukua kimoja kila siku, namwachia vingine. Huo si wizi. Na ni dawa nzuri, kubwa, mtu ukimeza unajua umemeza."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Bibi yangu, mwizi wa bweni. Nilimsubiri Mama kwa hamu, nikiwa nimepanga hotuba yenye utangulizi, ushahidi na ombi la kurudishiwa heshima yangu.

Mama aliingia, akautazama mkono wa Hawe, akakitazama kichupa. Hotuba yangu haikuanza. Alikaa chini sakafuni pale pale alipokuwa, polepole, na mkoba bado begani.

"Tangu lini, Hawe?"

"Tangu zangu ziishe."

"Na zako za presha hujameza tangu hapo?"

"Nitamezaje kitu kilichoisha?"

Mama aliinuka. "Vaeni viatu," alisema. "Twendeni."

Katika tuktuk Hawe alilalamika njia nzima kwamba ametolewa nyumbani kama mshtakiwa. Mama alikishika kile kichupa kwa mikono miwili, naye vidole vyake vikageuka zambarau, na hakuonekana kujali.

Kasiva alitupitisha sote nyuma ya pazia. Alimfunga Hawe ule mkanda mkononi, akaitazama mashine, akaanza upya, akaitazama tena.

"Bibi, kichwa hakikuumi?"

"Kinaniuma tangu nije Malindi. Ni kelele za mji."

"Siyo kelele. Unameza dawa gani?"

"Hiyo ya mkaza mwanangu."

Mama aliweka kichupa juu ya meza. Kasiva alikitazama, akautazama mkono wa Hawe, kisha wa Mama, mwishowe akanitazama mimi.

"Kidonda kimekuja," alisema.

Akamgeukia Hawe na kusema taratibu, kama anayeongea na mtu anayetaka kulala. "Bibi, hivi usimeze tena. Havishushi presha hata kidogo. Na kwa umri wako vinaweza kuzisumbua figo. Nitakupa dawa yako mwenyewe leo hii."

"Kama havishushi presha," alisema Hawe, "yeye anavimezea nini?"

Feni ya mezani iligeuza shingo kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine.

"Hilo si langu kusema," alijibu Kasiva. "Nyevu, ukitaka, toka na kijana mkae mbele. Bibi nitamwelekeza mambo yake tu."

Mama alitazama pazia. Nadhani alikuwa tayari kutoka. Mguu mmoja ulikuwa umeshageuka.

"Msiniambie basi," alisema Hawe. "Nitamuuliza mwanangu Jumamosi. Yeye ni mtu wa barabara, dawa za aina zote anazijua. Nitampa kichupa akisome."

Mguu wa Mama ukarudi.

"Ngowa, wewe kaa," alisema. "Umeianza, imalize." Akavuta kigoda akaketi mbele ya Hawe, magoti kwa magoti. "Mimi sina presha. Sijawahi kuwa nayo. Nimechoka, Hawe. Nimechoka hata kula mchuzi bila chumvi kwa ugonjwa nisio nao. Hivi ni vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi. Virusi sina. Kasiva hunipima hapa hapa nikija. Nameza ili visinipate."

"Vikupate kutoka wapi? Kwenye mashuka ya Wazungu?"

Hakuna aliyetaja jina. Lakini ilikuwa kana kwamba lori limeingia mle ndani na kuegeshwa katikati yetu, na kila mmoja anatazama upande mwingine ili asilione.

"Kuna simu zinazopigwa," alisema Mama hatimaye. "Kuna mmoja Voi. Wengine sijui wako wapi, na sitafuti kujua. Nilimwambia twende tupime wote wawili, akasema namtukana. Nilimwambia atumie mpira, akaniuliza ni mke gani anayemwambia mumewe maneno hayo. Kugombana sitaki. Kuondoka siwezi, huyu anasoma. Hospitali nilikwenda. Pale kuna benchi la wanaongojea vidonge hivi, na mbele ya benchi hilo hupita kwaya yote ya kanisa. Siku niliposikia Kasiva anavitoa hapa dukani, nilikuja nikasema nimekuja kupimwa presha, kama wanavyosema wengine. Naingia, natoka. Basi. Sina jambo jingine. Nataka kuishi tu."

Ukutani palikuwa na bango la meno yenye afya. Nililisoma lote. Nikalisoma tena. Baba yangu hunibebea ndizi kutoka mpakani. Akipita karibu na shule yetu hupiga honi mara mbili, hata nikiwa darasani, na wenzangu wote hujua ni nani. Nilijaribu kufikiria jambo la kuchekesha, kwa kuwa hilo ndilo ninaloliweza, na sikulipata.

Hawe hakumtazama Mama. Alinitazama mimi.

"Ngowa," alisema. Hakusema mume wangu. "Wewe Ngowa. Ulikuwa ukienda Mariakani kuuza ng'ombe. Ng'ombe mmoja, unamuuza mwezi mzima?"

Nilifungua kinywa nimwambie kwamba sijawahi kuuza hata kuku. Kisha nikaelewa anayezungumza naye.

"Ukirudi unaniletea leso. Leso nzuri, na nyingine nzuri. Nikizikunjua zinanuka manukato ya mtu. Nilikuuliza?"

"Hukuniuliza," nilisema.

"Sikukuuliza. Nilikupikia."

"Nisamehe, mke wangu."

Nilianza kusema hivyo kwa utani, maana ndivyo tulivyozoeana. Nilipofika mwisho wa maneno yale utani ulikuwa umekwisha, na nilibaki nimemwombea radhi mtu ambaye sikuwahi kumwona.

"Nimekuchoka," alisema Hawe.

Kasiva alikuwa akiukunja ule mkanda wa mashine. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

"Na mimi unipime," Hawe alimwambia ghafla.

"Nimeshakupima, bibi."

"Siyo hiyo. Hicho anachopimwa huyu. Si nimemeza dawa zake?"

Kasiva hakubishana. Alimchoma kidole kimojawapo cha zambarau, akaweka tone la damu, na sote tukangoja. Jibu lilipotokea alimwonyesha: hakuna kitu, ni salama.

Hawe alikitazama kipimo kwa jicho lake lililotibiwa. "Basi mzee hakuniachia chochote," alisema. "Ila leso."

Mama naye alipimwa, akatoka salama kama alivyoingia, akapewa kichupa kipya. Hawe akapewa dawa ya presha ya kweli, vidonge vidogo vidogo ambavyo alivitazama kwa dharau.

Jioni ile Mama alitia chumvi kwenye mboga. Aliitia wazi, mbele ya kile kiti, kwa kijiko. Hawe akala akamaliza, akaenda kulala. Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Chumvi ilikuwepo, maneno hayakuwepo. Aliketi mlangoni akifinyanga lile pindo la leso, na hata aliponiita alitumia kidole.

"Atamwambia?" nilimuuliza Mama tukianika nguo.

"Sijui."

"Lakini alisikia yote. Aliona."

"Ngowa, yule ni mama yake. Amemzaa. Mimi ni mkaza mwana tu." Alibana shuka letu kwenye kamba na kulinyoosha kama la hotelini. "Akijua, atavitupa chooni. Hatanipiga, baba yako si mtu wa kupiga. Atavitupa tu, kisha atakaa wiki nzima bila kusema, na atakaporudi safari nyingine ataniuliza kama nimeacha ujinga. Mimi nitachoka na kuacha. Najijua."

Jumamosi mchana lori lilipiga honi mara mbili. Baba aliingia na mkungu wa ndizi begani, miguu imevimba kwa kukaa, macho mekundu kwa vumbi. Alimwamkia mama yake shikamoo, akanipiga kofi la mgongo la mapenzi, akamuuliza Mama habari ya kazi, na alipouliza alingoja kweli kusikia jibu. Hilo ndilo linalochosha kuhusu baba yangu. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

"Kiu itaniua," alisema, akanyoosha mkono rafuni kuchukua kikombe.

Katika haraka za wiki ile Mama alikuwa amebandua karatasi, ila pamba aliisahau. Mkono wa Baba ulikigusa kichupa kipya, nacho kikalia kama kayamba.

Mama alikuwa akikoroga mchuzi. Mwiko ulisimama.

"Hii ni nini?" Baba alikitoa rafuni, akakigeuza, akatafuta maandishi, akakitikisa tena sikioni, akafungua akachungulia. "Dawa ya nani hii?"

Nilimtazama Hawe. Alikuwa amefumba jicho lile lililopona, na kwa lile jingine alikuwa akimtazama mwanawe, tangu vile viatu vyenye vumbi hadi kofia.

"Yangu," alisema. "Unataka kuimeza?"

"Yako ya nini?"

"Presha. Na unaitikisa ya nini? Iweke chini."

"Vidonge vikubwa hivi?"

"Presha yenyewe ni kubwa. Uliniahidi kunipeleka zahanati, hukutokea. Mkeo ametoka kazini na miguu yake mibovu, akanipakia tuktuk, akanipeleka kwa daktari. Muulize huyu."

Baba alinigeukia. "Ni kweli, Ngowa?"

Nimedanganya walimu, wapishi, na mkaguzi mmoja wa wizara. Sasa nilitakiwa kusema ukweli mtupu, nao ulikuwa mgumu kuliko uongo wote ule.

"Nilikuwepo," nilisema. "Presha ilipanda hadi daktari akaipima mara mbili. Dawa zake zilikuwa zimeisha kitambo."

Baba alikirudisha kichupa rafuni polepole, kwa adabu. Aibu ilimshika, ya kweli, nikaiona ikimpanda shingoni. Na Baba akiaibika hutafuta kazi ya kufanya. Alichota mchuzi kwa kijiko akaonja.

"Chumvi!" alisema. "Mama ana presha ya kupimwa mara mbili, nanyi mnampikia chumvi? Mnataka kumuua?"

Alilibeba lile gunia mwenyewe, miguu imevimba vile vile, akalipeleka kwa jirani Dena bila hata kumweleza ni la nini. Aliporudi macho yake yakaenda kwenye pindo la leso la Hawe.

"Na hapo umefunga nini, Mama?"

Nilijua kilichokuwamo, na nilimjua Hawe. Nilingoja amfukuze kwa matusi ya Vitengeni. Alilitazama lile fundo muda kidogo. Kisha akalifungua kwa vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na zambarau kwenye kucha, akammiminia Baba chumvi yote kiganjani. Baba akatoka nayo akaitupa uani. Kuku wakaja mbio, wakadonoa, wakaondoka.

Mama aliendelea kukoroga. Hakugeuka, lakini niliona mabega yake yakishuka, kidogo, kama mtu aliyetua ndoo.

Asubuhi iliyofuata, Baba akiwa kwenye chai, Hawe aliita kutoka chumbani. "Mama Ngowa! Niletee maji ya dawa."

Mama alichukua kikombe na vichupa vyote viwili, akaingia, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa akijipangusa midomo kwa mgongo wa mkono.

"Amemeza?" aliuliza Baba.

"Amemeza."

"Unamtunza mama yangu vizuri sana, Nyevu," alisema Baba, na alimaanisha.

"Najitahidi," alisema Mama, akaenda kutafuta viatu vya kazi.

Mchana tulikula samaki wa nazi. Baba alitia tonge kinywani, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Hiki chakula hakina ladha," alisema.

"Kula," alisema Hawe.

Nami chini ya meza nilinyoosha mkono kuelekea leso yake, kwa mazoea tu. Alinipiga kofi la vidole, akanirudishia mkono wangu.

"Nawe pia, mume wangu," alisema. "Kula hivyo hivyo."